Nani Atafyeka Uwanja wa Watoto?

Siku ya msaragambo wa kufyeka uwanja wa watoto hapa Kakese, alifika kijana mdogo, umri wake kama miaka 10, ameshika fyekeo lililomzidi kimo. Akamwamkia mzee aliyekuwa na daftari la mahudhurio.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu. Baba yuko wapi?"

"Yupo nyumbani. Kanituma nije aandikwe."

Mzee akaandika jina la baba. Mtoto akafyeka kwa bidii mpaka jua likawa kali, akalibeba fyekeo akarudi kwao, na daftari linaonyesha hadi leo kwamba baba yake alihudhuria.

Hakuwa peke yake. Watoto waliotumwa kuwawakilisha wazazi walikaribia kuwa wengi kama watu wazima waliokuja. Wengine walivaa sare za shule, wengine walibeba wadogo zao mgongoni. Na kazi yenyewe tuliiitisha sisi wazazi kwa jina lao. Tulisema mkutanoni kwamba watoto hawana pa kuchezea, kwamba eneo la wazi limegeuka jalala na njia ya pikipiki, kwamba ni aibu. Tukanyoosha mikono kukubali. Siku ya kazi ilipofika, tukawatuma wenyewe wakajifyekee.

Mtoto yule alijifunza mambo mawili kwa asubuhi moja. Alijifunza kwamba kazi ya wote hufanywa na asiye na nguvu ya kukataa, na kwamba jina la mtu laweza kuandikwa mahali ambapo mwenye jina hakukanyaga. Hili la pili linanitisha zaidi. Kesho akiwa mtendaji, mhasibu wa chama cha ushirika au msimamizi wa ujenzi wa zahanati, tutashangaa amejifunzia wapi kujaza mahudhurio hewa.

Kakese ni kata ya wakulima ndani ya Manispaa ya Mpanda, na maisha yake yanafuata mpunga. Mvua zikianza Novemba, familia zinahamia kwenye majaruba. Mpunga ukitoa masuke, watoto ndio wanaoamia ndege tangu alfajiri, wakipiga madebe na kurusha mabonge ya udongo. Sina ugomvi na mtoto kufanya kazi nyepesi shambani akiwa na wazazi wake, mradi shule isiguswe. Wengi wetu tulikua hivyo. Shambani mtoto walau anamwona baba ameinama na mama amechafuka tope mpaka magotini, na anaelewa bila kuhubiriwa kwamba chakula kina jasho. Tatizo linaanza mavuno yakishaingia ndani. Kuanzia Juni, fedha ikiwa mkononi, baba anapatikana kwenye vijiwe na vilabuni, mama yuko mnadani au kwenye kikundi cha kuweka akiba, na mtoto amebaki na mtaa.

Mtaa huo una nini cha kumpa? Una vibanda umiza vinavyoonyesha filamu yoyote mchana kutwa bila kuuliza umri wa mtazamaji. Sehemu nyingine kuna mashine za kamari zinazomeza sarafu ya shilingi 200, na sijui mzazi anayeweza kusema kwa uhakika kwamba mwanawe hajawahi kusimama mbele yake. Kuna barabara yenye pikipiki zilizobeba magunia na madereva wenye haraka. Halafu kuna uwanja, kama bado tunaweza kuuita hivyo: nyasi kufika kiunoni, chupa zilizopasuka, mifuko ya plastiki, mbuzi wa watu, na katikati njia ya mkato iliyochorwa na bodaboda. Wavulana wamefyeka kipande kidogo cha kuchezea chandimu. Wasichana hawana hata hicho. Rede wanaichezea nyuma ya nyumba, na mara nyingi haifiki mwisho kwa sababu mmoja wao ameitwa akachote maji.

Niliwahi kukaa karibu na kundi la watoto waliokuwa wakicheza baba na mama chini ya mwembe. Mvulana mmoja alichukua kijiti akakibana kati ya vidole kama sigara, akaja akipepesuka, akauliza kwa ukali, "Chakula kiko wapi?" Msichana aliyekuwa mama akajibu bila kuinua uso, kwa sauti ya mtu aliyechoka miaka mingi, "Uliacha hela?" Watoto waliokuwa watoto wakakimbia kujificha nyuma ya mti, na mmoja akawanong'oneza wenzake, "Tulieni, atalala sasa hivi." Hakuna aliyewafundisha maneno hayo. Hakuna hata aliyecheka. Walikuwa wanaigiza kitu wanachokijua vizuri. Mtu mzima anayetaka kujua nyumba yake inafananaje machoni pa wanawe, asiwaulize. Awaangalie wakicheza.

Katika mchezo ule hakukuwa na baba anayepanda mti, anayeziba shimo la barabarani, au anayemwambia jirani, "Nisubiri, tukafyeke wote." Nadhani hawajamwona. Mtoto haigizi asichokiona.

Nimejiuliza kwa nini sisi, tunaowapenda watoto wetu kiasi cha kuuza gunia la mpunga ili wapate sare na madaftari, tunaona uzito kuinama mbele yao kwa saa 3 tu kusafisha mahali pa wote. Uvivu peke yake hauelezi jambo hili. Mkulima wa mpunga si mvivu. Nafikiri chanzo ni kwamba kazi ya wote imeunganishwa na adhabu, kwa muda mrefu sana.

Babu zetu waliijua shokoa. Chini ya Wajerumani na baadaye Waingereza, watu walikusanywa kwa nguvu kutengeneza barabara na kubeba mizigo, na aliyekataa aliadhibiwa. Uhuru wa Tanganyika ulipokuja tarehe 9 Desemba 1961 na wito wake wa Uhuru na Kazi, watu walijitokeza kujenga shule, kuchimba visima na kulima barabara kwa mikono yao, wakiamini kwamba safari hii wanajijengea. Ule ulikuwa moyo mwingine kabisa. Lakini miaka ya Operesheni Vijiji, kuanzia 1973, wengi walihamishwa bila hiari, na harufu ya shuruti ikarudi. Kizazi kilichotuzaa kilionja yote mawili, kujitolea na kulazimishwa, na kikaturithisha mashaka: anayeita watu kazini anataka nini?

Nasi tumeongezea yetu. Shuleni, mwanafunzi aliyechelewa anapewa eneo la kufyeka, aliyepiga kelele anaagizwa kudeki au kumwagilia maua. Nyumbani, mtoto aliyekosea anaambiwa, "Leo utafagia uwanja wote peke yako." Sheria ya Huduma kwa Jamii ya 2002 inamruhusu hakimu kumpa mkosaji kazi za jamii badala ya kifungo, na ni sheria yenye huruma, lakini jirani anachokiona ni mtu aliyehukumiwa akifagia eneo la hospitali. Kwenye mtaa, msaragambo unatangazwa pamoja na faini, na mgambo anatajwa kabla ya faida ya kazi. Mtoto anakusanya picha hizi zote. Akifika miaka 15 ameshahitimisha kwamba anayesafisha mahali pa umma ama amekosa, ama ni maskini, ama hana wa kumtuma. Nani atamlaumu akikataa kuokota chupa aliyoitupa mwenyewe?

Tarehe 9 Desemba 2015, Rais John Magufuli alifuta sherehe za Uhuru na kuagiza siku hiyo iwe ya usafi. Kilichowagusa watu kuliko agizo lilikuwa kumwona yeye mwenyewe akiokota taka karibu na Ikulu na soko la samaki la Feri. Aliinama, na nchi ikainama. Siku ile watoto waliwaona baba zao na mafagio bila mtu kuadhibiwa. Baadaye Jumamosi ya mwisho wa mwezi ikawa siku ya usafi, na sehemu nyingi maduka hufungwa mpaka saa 4 asubuhi. Tujiulize kwa unyofu: saa hizo tunafanya nini? Mara nyingi tumeketi nyuma ya mlango uliofungwa, tukisubiri saa 4 ifike. Mtoto yuko pale pale sebuleni, anatuona tukimkwepa mtendaji.

Upo mfano mmoja wa Nairobi ambao ningependa wazazi wenzangu waufikirie. Korogocho, moja ya vitongoji vikubwa vya mabanda jijini humo, ukingo wa Mto Nairobi ulikuwa jalala na maficho ya wahalifu. Kikundi cha vijana kiitwacho Komb Green, baadhi yao wakiwa wameacha maisha ya uhalifu, kilianza kuzoa taka hizo, kikapanda miti na mboga, na kikageuza kipande kile kuwa bustani yenye mahali pa watoto kuchezea. Fikiria mtoto wa pale. Kijana aliyekuwa akiogopwa usiku, sasa anamwona mchana kweupe akimwagilia mche. Hotuba gani juu ya kubadilika ingeweza kumfikishia mtoto huyo ujumbe kama huo?

Ziko bustani zilizojengwa kwa fedha nyingi za wafadhili, kama kituo cha michezo cha vijana cha Jakaya Kikwete kilichofunguliwa Kidongo Chekundu, Dar es Salaam, mwaka 2015. Ni jambo jema na watoto wengi wamefaidi. Ila Kakese haihitaji kusubiri mfadhili wa namna hiyo ili mtoto apate bembea. Nguzo za mkaratusi, kamba imara, matairi chakavu yaliyofukiwa nusu ardhini, mchanga wa mtoni chini ya bembea ili anayeanguka asivunjike: vitu hivi vimo ndani ya uwezo wetu. Mafundi seremala tunao. Kinachokosekana ni watu wazima kujitokeza wenyewe, kwa miili yao.

Na wajibu huu haukuanza na mkutano wetu. Sheria ya Mtoto ya 2009, kifungu cha 8, inapoorodhesha anachopaswa kupewa mtoto na mzazi wake, inataja chakula, malazi, mavazi, matibabu, elimu na malezi, uhuru, na pia haki ya kucheza na kupumzika. Kucheza kumeandikwa kwenye orodha moja na chakula. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Mtoto wa 1989, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991, unasema vivyo hivyo katika ibara ya 31. Wengi wetu tungeona haya kulala tukijua mtoto hajala. Kwamba hajacheza mahali salama mwezi mzima, hatuoni kama ni deni letu.

Kwa upande wa wasichana, deni ni kubwa zaidi. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa 2015-16 ulionyesha kwamba hapa Katavi, wasichana 45 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wameshazaa au wana mimba. Mkoa wetu ulikuwa wa kwanza nchini kwa aibu hiyo. Wastani wa taifa ulikuwa 27. Umaskini umo ndani ya takwimu hizo, umbali wa shule umo, mila za kuoza mapema zimo, na wanaume wazima wanaostahili kufikishwa mbele ya sheria wamo. Siwezi kudai kwamba uwanja uliofyekwa utaondoa yote hayo. Lakini najua kwamba msichana asiye na mahali pa wazi pa kukutana na wenzake, panapoonekana na mama, shangazi na majirani, atakutana na watu mahali pasipoonekana. Uwanja mzuri ni mahali ambapo watu wazima wako karibu bila kulinda kama askari. Bibi anachambua mchele chini ya mti, baba anacheza bao, na jicho moja liko kwa watoto.

Kwa hiyo nusu ya uwanja iwe ya wasichana, itengwe na ijulikane, na mvulana atakayewafukuza kwenye rede awajibishwe na baba yake. Awajibishwe kwa namna gani? Hapa ndipo nidhamu inapopotea njia. Mtoto akivunja bembea, wengine tunamcharaza mbele ya watu mambo yakaishia hapo, bembea ikabaki imevunjika. Wengine tunamtetea kwa ukali dhidi ya aliyemshitaki, tukimchelea kulia. Wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia yeye, na kipigo nacho hakirudishi ubao uliovunjika. Mzazi amshike mkono mtoto wake, waende wote kwa seremala, waununue ubao, mtoto apigilie misumari na baba akimshikilia. Itagharimu fedha kidogo na mchana mmoja. Mtoto atajua kwamba alichoharibu kilikuwa cha watu, na kwamba baba yake yuko upande wa watu hao bila kuacha kuwa baba yake.

Kuhusu miti nina neno mahsusi, kwa kuwa tumeshapanda na kupoteza mara nyingi. Siku ya kitaifa ya kupanda miti kwa miaka mingi imekuwa tarehe 1 Aprili. Kwa mikoa yenye msimu mmoja wa mvua kama wetu, tarehe hiyo mvua ziko ukingoni. Mche uliopandwa Aprili unakutana na kiangazi cha Mei hadi Oktoba mizizi ikiwa bado juu juu. Tunapiga picha, tunapiga makofi, na ifikapo Agosti watoto wanapita kati ya vijiti vikavu vilivyopandwa na watu wazima. Hilo nalo ni somo tunalowapa, kwamba wakubwa huanza mambo. Heshima ya siku ya taifa ibaki, lakini miche ya uwanja wetu ipandwe Desemba, mvua zikishakolea, mashimo yakiwa yamechimbwa mapema na kuwekwa samadi, ambayo Kakese haikosekani. Kila mche uzungushiwe miiba kuzuia mbuzi na uwe na kaya moja inayojulikana: mzazi na mtoto, ndoo moja, jioni kwa jioni kiangazi chote. Mjohoro na mwarobaini vitavumilia. Mwembe utachelewa, lakini mtoto aliyeumwagilia akiwa darasa la pili ataula akiwa sekondari.

Yapo mambo ya kukubaliana mkutanoni. La kwanza ni daftari. Napendekeza asiandikwe mtu ambaye hakufika, hata kama mwanawe amekuja na fyekeo. Mtoto apokelewe kwa upole, apewe maji, arudishwe nyumbani na salamu kwamba baba anasubiriwa. Akija na baba, kazi yake ipimwe kwa umri wake: kuokota makaratasi, kushika mche usimame wima wakati baba anafukia. Wagonjwa, wazee na akina mama waliojifungua karibuni wanajulikana, na hakuna atakayewauliza.

Faini ni jambo gumu zaidi. Wapo wanaosema bila faini hatokei mtu, na wana ushahidi wa miaka. Mimi naona faini imempa mwenye fedha tiketi ya kutokuwepo, na imemfundisha mwanawe kwamba wajibu hununuliwa. Ningetaka tujaribu kwa msimu mmoja kuiondoa kwa kazi ya uwanja peke yake, na mahali pake tuweke jambo dogo: kazi ikiisha, majina ya waliokuja yasomwe kwa sauti watoto wakiwapo, bila kuwataja wasiokuja. Kama haitafaa, mkutano una uwezo wa kuirudisha.

La mwisho ni wakati. Msaragambo ukiitishwa Januari, mkulima ana haki ya kukasirika, maana jaruba lisilopaliliwa halisubiri. Kati ya mavuno na mvua mpya kuna Julai, Agosti, Septemba na Oktoba. Julai tufyeke na kuondoa chupa. Agosti tuzibe njia ya bodaboda kwa mawe makubwa na kuwaonyesha madereva njia nyingine, kwa kuzungumza nao kwanza, kwa sababu nao ni vijana wetu. Septemba mafundi wasimamishe nguzo za bembea. Oktoba tuchimbe mashimo. Jumamosi nne, saa 12 na nusu asubuhi hadi saa 3 na nusu kabla jua halijachoma, kila mzazi na mtoto wake, na kila mmoja aje na fyekeo linalolingana na mkono wake.